Chinsaga ya Shina la Zambarau

Achieng' alinipigia simu Jumatano mchana, nikiwa nachekecha udongo nyuma ya nyumba yangu hapa Ogembo, akaniambia mama yake amefariki na kwamba walikuwa wameshamzika. Hakueleza kwa nini habari ilinifikia imechelewa, nami sikuuliza; watu wanapofiwa huwa wanasahau hata majina ya ndugu zao wa damu. Alichotaka ni maandishi. Wajukuu walikuwa wanakusanya kumbukumbu za bibi yao katika daftari moja, na kila aliyeishi naye aliombwa aandike kidogo. "Wewe dada Moraa uliishi naye mwaka ule mimi nikiwa bweni," alisema. "Sisi hatujui mwaka ule. Andika hata ukurasa mmoja." Nilimwambia nitajaribu. Nilijaribu ukurasa mmoja, ukatoka umejaa sifa ambazo zingeweza kuwa za mama yeyote, nikauchana. Haya yafuatayo ndiyo niliyoandika baada ya huo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopelekwa kwa Mama Achieng' kujifunza ushonaji. Alikuwa mjane kutoka upande wa ziwa, alikuwa amekaa mjini Kisii miaka mingi, na alikodi vyumba viwili katika ploti yenye milango minane iliyotazamana, katikati kukiwa na uwanja wa saruji usioota hata nyasi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana: cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia, sare za shule zilizoning'inia ukutani bila mikono, na mkebe mkubwa wa vifungo. Chumba cha nyuma tulilala sote wawili. Lakini mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza hakuona cherehani. Aliona takataka. Kwenye kingo za madirisha, chini ya meza, juu ya kabati la vyombo na kwenye kila kipande cha baraza kilichopata jua kulikuwa na vitu ambavyo kwingine vingekuwa vimechomwa moto: pakiti za maziwa zilizokatwa midomo, mitungi ya mafuta ya lita tano iliyopasuliwa ubavuni, trei za mayai, mikebe iliyotobolewa matundu kwa msumari, beseni lililopasuka, na viatu vya shule vya Achieng' vilivyokwisha soli. Vyote vilijaa udongo na kila kimoja kilikuwa na kitu kinachoota au kinachotarajiwa kuota. Sukuma wiki, nyanya, vitunguu, managu. Aliandika majina kwa chaki ya fundi, ile ya kuchorea nguo, na mvua ikipeperushwa hadi barazani ilifuta majina na yeye aliandika upya bila kulalamika.

Wiki ya kwanza nilidhani ni umaskini. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa mtu asiyeweza kuishi mahali pasipoota kitu, na saruji ile ilikuwa imempa kazi ya ziada. Alikuwa na utaratibu wake. Udongo mweusi tulichota kando ya mto, tukauchanganya na samadi kavu na jivu kidogo, kisha akamwaga maji yanayochemka juu yake ili kuua wadudu na magugu, na harufu iliyopanda ilikuwa kama ya viazi vilivyoungua. Nyanya alizipanda kwenye trei za mayai, mbegu mbili kila shimo. Vitambaa vilivyobaki mezani alivikata vipande virefu vyembamba, ncha moja kwenye chupa ya maji, ncha nyingine ndani ya udongo, na maji yalipanda yenyewe taratibu mchana kutwa tukiwa tunashona. Wateja waliokuja kupimwa walikaa kwenye benchi wakiangalia zile chupa na kuuliza kama ni dawa. "Ni watoto wangu wananyonya," aliwajibu akiwa na pini mdomoni.

Tulikula vizuri kwa watu wenye vyumba viwili. Jumapili baada ya misa alileta samaki mkavu, akampika kwa nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito, na mimi nilisonga wimbi kama tunavyolisonga kwetu, akasema ugali wangu unaweza kujenga nyumba. Siku za kawaida ilikuwa mboga. Tulikuwa na mboga moja ambayo sote tuliijua kutoka utotoni, mimi nikiiita chinsaga na yeye akiiita akeyo, chungu, ya kuchemshwa sana na kulazwa ndani ya maziwa hadi kesho yake. Kila mmoja alidai kwamba ni kwao ndiko wanakojua kuipika. Tulibishana juu ya hilo mara nyingi kuliko jambo lingine lolote, na nadhani ndiyo sababu tulizoeana haraka.

Mbegu za mama yake nilizijua mwezi wa tatu. Zilikuwa zimefungwa kwenye kona ya leso, punje nyeusi ndogo kama unga wa baruti, hazijai kijiko. Mama yake, ambaye alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, alikuwa na akeyo yenye shina la zambarau, iliyoota kwenye zizi lake na ambayo hakununua kwa mtu. "Hizi ndizo zilizobaki," Mama Achieng' aliniambia. "Zinazeeka. Nikiendelea kuziweka zitakufa kwenye leso." Aliamua kuzipanda zote kwa pamoja. Chinsaga haipendi kung'olewa. Mzizi wake ni mmoja, unashuka moja kwa moja, na ukiuvunja mche unanuna hadi kufa. Kwa hiyo tulikuwa tumekusanya vigogo vya kadibodi vya karatasi ya chooni kwa majuma mengi, hata majirani wakatuwekea, tukavijaza udongo na kuvisimamisha ndani ya beseni lililopasuka kama askari. Mche ukikua ungezikwa pamoja na kigogo chake, nacho kingeoza chenyewe. Alidondosha mbegu tatu tatu kwa ncha ya sindano ya kushonea magunia, akanyunyiza udongo mwembamba juu, akafunika beseni zima kwa nailoni angavu iliyofunga kitambaa cha suti ya mteja. Siku hizo nailoni zilikuwa kila mahali, hakuna aliyezikataza. Siku ya sita zilichomoza, nyembamba kama uzi, na shina la kila moja lilikuwa na rangi ya zambarau tangu siku hiyo ya kwanza.

Wiki hiyohiyo shule ikatuma habari kwamba Achieng' ni mgonjwa na amelazwa. Mama yake alifunika cherehani yake kwa turubai, akaniachia kazi ya kushona vifungo vya sare, na mlangoni akanigeukia. "Nailoni uifunike jioni tu kwa sababu ya baridi. Asubuhi ukiona inatoa jasho ndani, fungua. Usisahau, Moraa. Jua likipiga hapo ndani ni sufuria." Nilimwambia nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Siku mbili nilifungua na kufunika kama nilivyoagizwa. Siku ya tatu msichana niliyesoma naye alipita akaniambia kwaya yao ina mkutano Ogembo, na kwamba kijana mmoja aliyekuwa ananiulizia atakuwepo. Nilitoka alfajiri kukiwa na ukungu, beseni likiwa bado limefunikwa, nikijiambia narudi jioni. Nilirudi baada ya siku mbili. Kijana mwenyewe sikumbuki hata alivyovaa. Jua lilikuwa limewaka siku zote mbili, jambo lisilo la kawaida kwetu msimu ule, na nilipoinua nailoni nilipigwa usoni na joto lenye harufu ya mboga iliyopikwa. Zilikuwa zimelala zote upande mmoja, laini, zimegeuka rangi ya chai. Nilizimwagia maji. Nilizihamishia kivulini. Nikakaa nazo mpaka mchana, na hakuna hata moja iliyoinuka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikungoja tu nimwambie. Hakuwa mtu wa kupiga wala wa kutukana. Nadhani ni kwa sababu suluhisho lilikuwa karibu sana. Sokoni, dakika ishirini kwa miguu, mama mmoja aliuza mbegu za chinsaga akizipima kwa kifuniko cha soda. Nilinunua vifuniko viwili, nikang'oa miche iliyokufa, nikapanda upya katika vigogo vilevile. Nilikuwa makini kuliko nilivyowahi kuwa: nilifungua nailoni asubuhi, nilifunika jioni, nilipima unyevu kwa kidole. Achieng' alipata nafuu polepole, mama yake akakaa huko siku kumi, na siku aliyorudi zilikuwa zimechomoza. Aliinama juu ya beseni kabla hajaweka mkoba chini. "Ni ndogo," alisema.

"Kulikuwa na baridi," nilisema.

"Baridi," alirudia, akanishukuru kwa kuzitunza. Aliniletea kitenge kutoka huko.

Mashina yalikuwa ya kijani. Kwa wiki mbili za kwanza mtu angeweza kusema ni ile baridi iliyofifisha rangi. Wiki ya nne tulipozihamishia kwenye magunia barazani hakukuwa na la kusema, ila mimi nilisema. Alikuwa amepiga magoti, kashika shina moja kati ya vidole viwili kama anavyoshika kitambaa kujua kama ni pamba. "Hii si ya mama yangu," alisema.

"Labda ni udongo, Mama. Udongo wa huku ni tofauti na wa kwenu."

Hakuinua kichwa. "Labda," alisema.

Baada ya hapo alibadilika, lakini si kwa namna ambayo ningeweza kumlalamikia mtu. Akawa na adabu na mimi. Alisema tafadhali akitaka mkasi. Hakubishana nami tena kuhusu maziwa kwenye chinsaga. Nilipoipika alikula na kusema asante. Kumwagilia alimwagilia mwenyewe. Vyumba viwili ni vidogo sana kwa adabu ya namna hiyo. Nilianza kukosea hata vifungo.

Jioni moja mwezi wa saba nilikuwa nikianua nguo uwanjani, nikasikia sauti yake kwa jirani yetu Bosibori, muuza ndizi aliyekaa mlango wa pili. Mlango ulikuwa wazi na walikuwa wanamenya maharagwe mabichi.

"Si uende tu kwenu uombe mbegu ingine," Bosibori alikuwa anasema. "Mbegu ni kitu ya kuomba, hata mimi naomba watu."

"Kule siwezi kuomba. Siku ya kumzika mama nilisimama mbele ya watu, padri yuko hapo, nikasema Ochola ndiye alimuua. Ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimwambia alete mama hospitali ya huku, akasema wiki ijayo, wiki ijayo. Sasa niende nimwambie nini, nipe akeyo?"

"Na huyu msichana?"

"Huyu ananidanganya," Mama Achieng' alisema. "Nangoja aniambie. Nikimuuliza atadanganya tena, na mimi sitaki kusikia mara ya pili."

Nilisimama na nguo mikononi. Njia iliyokuwa wazi ilikuwa ni kuingia pale mlangoni na kusema, hatua kumi hivi. Mimi nikachagua njia ndefu. Jumapili iliyofuata alipokwenda misa nilishuka upande wa ziwa, nikiuliza nyumba kwa jina la Ochola na la marehemu mama yake, mpaka nikaonyeshwa boma lenye ua wa michongoma. Ochola mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala lake, akilainisha mpini wa jembe kwa kigae cha chupa. Nilimsalimu, akanipa kigoda, akaniita nyathina, mwanangu, kama wanavyomwita yeyote wa umri wangu. Halafu akaniuliza mimi ni nani.

"Najifunza kushona kwa dada yako, Kisii."

Kigae kilisimama. "Yeye ndiye amekutuma?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na huenda angenipa mbegu kwa haraka zaidi. Sijui hata leo ni kitu gani kilinizuia; labda ni uchovu tu wa kutembea. "Hapana," nilisema. "Hajui niko hapa. Nimeharibu mbegu za mama yenu, zile alizokuwa nazo kwenye leso. Nilizifunika nikaenda kutembea zikaungua. Nikapanda zingine nikamwambia ni zile." Lilikuwa jambo fupi sana kulisema.

Aliweka mpini chini, akainuka na kunipeleka nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa zizi la mama yake. Ng'ombe walikuwa wamehamishwa siku nyingi, miti ya zizi imeoza, na katikati ya samadi ile ya zamani akeyo ilikuwa imejiotea yenyewe, imefika kiunoni, mashina yote ya zambarau. Hakuna aliyekuwa ameipanda. Maganda ya chini yalikuwa yamekauka na kupasuka. Alinionyesha jinsi ya kukinga kiganja chini kabla ya kugusa ganda, tukakusanya tukiwa tumeinama, yeye upande huu na mimi ule. "Usizipande sasa," alisema. "Mbegu mpya ina usingizi. Ziache miezi mitatu, minne."

Nilikuwa mtoto bado, na mtoto huuliza. "Ni kweli alichosema dada yako siku ya mazishi?"

Alipasua ganda lingine kiganjani. "Nilichelewa," alisema. "Ng'ombe wa kuuza alikuwepo. Gari lilikuwepo. Nilifikiri atapona tu kama siku zingine." Akafunga mbegu kwenye kipande cha gazeti, akakunja mara nne. "Mwambie hivyo. Nilichelewa. Usiongeze kitu."

Nilifika Kisii jua likizama. Mama Achieng' alikuwa anapasi suruali. Niliweka gazeti mezani nikasema yote, kuanzia kwaya ya Ogembo mpaka zizi, na mwisho nikasema neno la kaka yake kama alivyoniagiza, bila kuongeza. Nilitarajia alie, au anikumbatie. Nilikuwa nimejipangia hivyo njiani. Alisimamisha pasi wima.

"Ulienda kwetu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mbegu ulizichoma, sawa, mbegu huchomeka. Ukadanganya, wewe ni mtoto. Lakini ulisimama mlangoni ukasikia shida yangu, ukaichukua ukaipeleka kwa Ochola bila kuniuliza. Sasa anafikiri nilikutuma. Anafikiri nimeomba."

"Nilimwambia hukunituma."

"Na wewe ungekuwa yeye ungeamini?" Alinyoosha mkono. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwangu, ulikuwa hapo siku nzima, hata nilipokuwa kwao; nikauvua nikampa. Aliuzungusha vidoleni taratibu mpaka ukawa gurudumu dogo, akautia kwenye mkebe wa vifungo. "Kesho uende," alisema. Halafu, kwa sababu ilikuwa jioni na watu hula, akapakua chakula cha wawili.

Sikurudi nyumbani. Nilipata kibarua cha kuchuma chai karibu na Itumbe, kwa familia moja iliyonipa chumba cha kulala kando ya jiko lao, na nilichuma mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja. Nilijifunza kuamka na baridi na kufunga gunia la plastiki kiunoni ili umande usinilowanishe mapaja. Nilikuwa nakula viazi vitamu na chai ya rangi, na jioni niliwasikia wenye nyumba wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu mimi, wakijiuliza nimefukuzwa kwa kosa gani. Dirishani nilikuwa na pakiti mbili za maziwa zenye sukuma wiki. Sikumbuki kama nilikuwa na huzuni. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wa chai haukuachii nafasi kubwa ya mengine.

Mama Achieng' alikuja siku ya kazi, asubuhi, akiwa ameniulizia kwa wachuma chai, akipanda kati ya mistari ya chai na viatu vyake vya misa vikiwa mkononi. Nilimwona kutoka mbali, nikaendelea kuchuma kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Alipofika alisimama kwanza apumue.

"Nilienda," alisema.

Nikatupa majani kikapuni.

"Nilikaa siku tatu. Ochola alichinja kuku. Hatukusema mengi. Alisema lile neno lake, mimi nikasema langu, tukala." Alifuta jasho kwa kona ya kitambaa cha kichwa. "Ilikuwa aibu, Moraa. Ile aibu ulinipa. Lakini imekwisha, na isingekwisha mimi nikiwa nimekaa Kisii. Sasa rudi. Cherehani yako imekaa."

Ilikuwa ndiyo sentensi niliyoisubiri miezi minne. Nilifungua mdomo kusema asante, na nikasikia kwamba lililokuwa linakuja lilikuwa uongo mwingine, mdogo, wa heshima, ambao ungenichukua miaka kuushona. "Mama," nilisema, "mimi sipendi kushona. Tangu siku ya kwanza. Niliogopa kusema."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nilimwona akijizuia kucheka. "Na ulifikiri mimi sioni? Mkono wa kushoto wa kila sare ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Watoto wa Kisii wote wanatembea wameinama upande mmoja." Kisha akawa makini. "Unapenda nini basi?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilisema sijui bado, na hilo nalo lilikuwa kweli. Alikubali kwa kichwa. Hakuonekana kuwa na haraka ya kuondoka. Aliweka viatu vyake juu ya jiwe, akafunga leso kiunoni, akatazama kikapu changu kilichofika nusu.

"Karani anakuja saa ngapi kupima?"

"Saa sita."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha: majani mawili na kichipukizi, usikwaruze kwa kucha, vunja kwa kidole gumba, usibane mkononi yakapata joto. Aliniambia amesikia. Alichuma asubuhi yote kwenye mstari wa pili, akiongea peke yake kwa lugha ya kwao, na karani alipofika aliyamwaga majani yake kwenye meza, akayachambua kwa ncha ya kalamu, akauliza ni nani aliyeleta majani ya mbuzi. Mama Achieng' aliinua mkono kama mtoto darasani. Yalitupwa yote, na yeye akarudi kwenye mstari kuanza upya.